Usiku Ambao Hatukulala Syracuse

Shangazi alipiga simu Alhamisi jioni. Mama alikuwa amemdokezea kutoka Nakuru kwamba mimi na mke wangu tungepita Syracuse, jimbo la New York, Jumamosi tukielekea Ohio. "Mwanangu, chumba kimeshatandikwa," akasema. "Mtakula, mtalala, mtaondoka alfajiri." Lilikuwa agizo la mtu aliyenilea likizo zote za shule ya msingi.

Hiyo ilikuwa Julai 2023. Safari yetu ilikuwa ya Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, ambako mashindano ya kitaifa ya shabaha yamekuwa yakipigwa tangu 1907. Mimi ni mlenga shabaha kwa bastola ya .22: unasimama, unanyoosha mkono mmoja, karatasi iko yadi 25 au 50 mbele yako, na kila risasi inaonyesha kama umetulia moyoni au hujatulia. Naupenda mchezo huu kuliko mchezo mwingine wowote niliowahi kuucheza.

Tunaishi Lowell, Massachusetts. Kwa jimbo hilo leseni yangu ya bastola nilikuwa nimeipata kihalali: kozi ya usalama, alama za vidole, dola 100, na saini ya mkuu wa polisi wa mji. Sisi wenye grinikadi, yaani wageni wenye ukaazi wa kudumu, mlango huo tulifunguliwa na mahakama ya shirikisho, ile ya serikali kuu, mwaka 2012. Kabla ya hapo leseni ya bastola pale tulikuwa hatupewi. Lakini leseni ya Massachusetts inakufa mpakani. Ukiingia New York ni karatasi tu, na barabara ya I-90 inakatiza New York kwa zaidi ya kilomita 600 kabla ya kugusa Pennsylvania.

Kwetu Kenya sheria ya silaha ni moja, Sura ya 114, kuanzia Mombasa hadi Kisumu. Marekani kila jimbo lina lake. Kinachomvusha msafiri ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1986: kama bastola ni halali unakotoka na halali unakokwenda, unaruhusiwa kupita nayo jimbo lolote la katikati, mradi haina risasi, na wala bastola wala risasi hazifikiki kutoka viti vya abiria. Kama gari halina buti iliyotengana, zifungiwe kwenye sanduku lenye kufuli, na kile kidroo cha mbele ya abiria hakihesabiwi.

Neno lenyewe ni kupita. Nilimweleza shangazi hivyo, naye akanyamaza kwa namna ambayo kila mpwa anaijua.

Mke wangu ndiye aliyekasirika waziwazi. "Baba watoto, unapita mlangoni kwa shangazi yako kama mtu baki? Kwa sababu ya kitu kilichofungiwa kwenye sanduku?"

Tukakaa mezani nikamsomea. Kwa sheria ya New York, bastola inahesabiwa imejazwa risasi hata ikiwa tupu, almradi aliye nayo ana risasi zinazoiingia wakati huohuo, hata zikiwa kwenye boksi lake peke yake. Kuwa nayo hivyo bila leseni ya jimbo, nje ya nyumba yako au mahali pa biashara yako, ni kosa kubwa ambalo kifungo chake huanzia miaka mitatu na nusu. Na nyumba ya shangazi, ambayo kwa mila zetu ni yangu kabisa, mbele ya hakimu wa New York si yangu. Halafu nikamsomea kifungu kilichomhusu yeye: bastola ikikutwa ndani ya gari, sheria inaanza kwa kudhani kwamba ni ya wote waliomo.

Mawakili wanabishana kama kulala njiani ni sehemu ya safari au kunaikatisha. Mimi nilikuwa nimesoma kisa cha abiria mmoja wa Utah ambaye mwaka 2005 alikosa ndege ya kuunganisha pale Newark, akalala hotelini New Jersey akiwa na begi lake. Asubuhi alipotangaza bastola uwanjani, kama inavyotakiwa, akakamatwa, akakaa mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yalifutwa, lakini mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilisema ulinzi wa ile sheria ya 1986 haukumfunika, kwa kuwa usiku ule silaha ilikuwa mkononi mwake. Huyo ni raia. Mwenye grinikadi akitiwa hatiani kwa kosa la bunduki, baada ya hukumu anaweza kurudishwa kwao. Mimi sikuwa tayari kuyaweka maisha ya watoto wetu kwenye hoja ambayo mawakili wenyewe hawajakubaliana.

Mke wangu alikisoma kile kifungu cha gari mara ya pili, kisha akampigia shangazi yeye mwenyewe. Walizungumza Kikuyu muda mrefu, na walipomaliza mpango ulikuwa wao, si wangu: shangazi angetufuata kwenye kituo cha kupumzikia magari, palepale kwenye barabara ya kulipia.

Tulifika saa kumi na mbili jioni. Alikuwa ameshafika, amevaa kitenge cha harusi, na sufuria ya pilau imefungwa taulo. Shikamoo, marahaba, kukumbatiana, machozi kidogo. Tulikula kwenye meza ya nje, gari likiwa limefungwa mbele ya macho yetu. Hakunilaumu hata kidogo. Alinijazia sahani mara mbili.

Alikuja na mwanawe, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Kijana akaniuliza kama siku moja ningempeleka klabuni ajaribu. Hapo niliweka kijiko chini. Nilimwambia kwamba kwa sheria ya shirikisho mwenye viza ya muda kama yake hatakiwi kuwa na bunduki wala risasi, na hata kuishika ya kukodi uwanjani kunahesabika. Kuna misamaha michache, na unaotumika zaidi ni leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote. Wanafunzi wengi wetu hupelekwa na marafiki wakapige picha na bunduki, wakaziweka mtandaoni, bila mtu wa kuwaambia hili. Nilimwomba asikubali mwaliko wowote wa namna hiyo kabla hajaonana na mwanasheria wa uhamiaji.

Usiku wa manane tulikuwa Ohio, ambako tangu Juni 2022 mtu mzima wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria anaruhusiwa kubeba bastola iliyofichwa bila leseni. Yangu ilibaki sandukuni hadi uwanjani.

Desemba tulirudi Syracuse kulala, bastola tukiiacha Lowell kwenye sefu. Yule kijana alikuwa ameonana na mwanasheria, na amejiandikisha kwenye kozi ya uwindaji ya jimbo, ambayo ni ya bure.