Mfungo wa Danieli kwa Chakula cha Pwani

Mfungo huu unatoka katika Biblia: kitabu cha Danieli, sura ya 1, kinataja siku 10 za mboga na maji. Sura ya 10 inataja wiki 3 bila nyama wala divai. Watu wengi hufuata siku 21: hakuna nyama, samaki, maziwa, mayai, sukari, hamira wala chai ya majani. Kwa hiyo mahamri hayaingii, lakini mbaazi zinaingia, tena vizuri sana.

Loweka vikombe 2 vya mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha chemsha kwa maji mapya hadi zibonyee kwa vidole. Tia tui jepesi, kitunguu na bizari. Kasimele (tui zito la kwanza) iwe ya mwisho, moto mdogo, ukikoroga, maana ikichemka kwa nguvu hukatika. Kula na muhogo wa kuchemsha au wali wa mchele wa kahawia.

Kichwa huuma siku za mwanzo kwa kukosa chai, basi anza kuipunguza wiki moja kabla. Tumbo likijaa gesi, punguza mbaazi na jamii ya kunde. Na kwa joto letu, maji ni lazima! Mwenye kisukari anayetumia dawa amwone daktari kabla ya kuanza, kwani sukari inaweza kushuka ghafla.