Kikao kisicho na posho, Dodoma hii hii

Dodoma ni mji wa semina, hilo halihitaji ushahidi. Pita hoteli yoyote kubwa ya hapa mjini siku ya wiki utakuta bango la kukaribisha washiriki wa kitu fulani, watu wana vitambulisho shingoni wanapanga foleni ya chai, na pale mlangoni yupo dada na karatasi ya mahudhurio ambayo hakuna anayesahau kuisaini maana sahihi ndo inaleta bahasha jioni. Sasa kwenye mji huo huo jaribu kuita watu Jumamosi asubuhi waje kuongelea vikao vya nidhamu na makato ya chama cha wafanyakazi, afu uwaambie hakuna posho, nauli kila mtu na yake, na chai na chapati ni mchango wa elfu tano.

Na watu wanakuja. Ndo maana naandika hii, wenzangu wa HR (rasilimali watu) wameniuliza sana hicho kikundi chenu cha Jumamosi ni nini hasa, ni chama cha wafanyakazi, cha waajiri, cha mawakili, au ni upatu mmeuvalisha suti.

Jibu ni kwamba tupo wote humo ndani. Sisi watu wa HR wa kampuni binafsi ndo wengi, halafu makatibu na wenyeviti wa matawi ya vyama vya wafanyakazi kama TUICO (viwanda na biashara), CHODAWU (mahoteli na kazi za majumbani) na TALGWU (serikali za mitaa), mawakili kadhaa, walimu wa sheria, waajiri wenyewe wachache (mwenye lodge, mwenye shule, mwenye kampuni ya ulinzi) na wastaafu wawili watatu waliokula chumvi kwenye mambo ya kazi tangu enzi za sheria za zamani. Wengi wa hapa mjini, ila wapo wanaotoka Manyoni na Singida kwa basi, na tangu treni ya SGR ianze 2024 kuna ndugu zetu wa Morogoro nao wameanza kujisogeza, wanakuja asubuhi wanageuza jioni, sasa wanajiita Kanda ya Kati kwa nguvu na hakuna aliyewazuia.

Wazo lenyewe sio letu. Mwalimu mmoja wa chuo ndo alituambia kwamba Marekani kitu cha hivi kipo tangu 1947, siku hizi kinaitwa Labor and Employment Relations Association, kina matawi yake huko mikoani, na kazi yake kubwa ni kumkalisha mtu wa menejimenti, mtu wa chama cha wafanyakazi na msuluhishi meza moja wakati hawana kesi kati yao. Hicho kipande cha mwisho ndo kilinikaa. Sisi huku tumezoea kukutana tukiwa tumeshavimba, mimi nina faili, yeye ana fomu ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kule migogoro ya kazi inakopelekwa), bosi wangu kaninunia na mwanachama wake analia, unategemea nini hapo?

Na Dodoma ya sa hivi sio ile ya zamani. Tangu serikali itangaze 2016 kwamba inahamia kweli, na 2018 ikawa jiji, kila kona kuna ujenzi, lodge, shule ya binafsi, kampuni ya usafi, kampuni ya ulinzi, baa mpya kila mwezi. Ajira zimekuja haraka kuliko ujuzi wa kuajiri. Mtu juzi alikuwa na guest ya vyumba sita anawasimamia wasichana wawili wa nyumbani kwao, leo ana hoteli ya ghorofa nne na wafanyakazi arobaini na bado anaachisha kazi kwa maneno yale yale, "kesho usije". Huyo sio mtu mbaya jamani, wengine ni watu wa sala kabisa, ila hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwambia kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, na humo kumfukuza mtu kunahitaji sababu ya haki na utaratibu wa haki, vyote viwili, sio kimoja.

Tuna masharti machache. Kesi iliyo hai haijadiliwi kwa majina, ukitaka kuuliza uliza "kuna mfanyakazi mmoja" na wote tunajifanya hatujui ni nani. Wakili haruhusiwi kugawa kadi ndani ya ukumbi (nje kwenye parking sijui, mimi sio askari). Na mgeni rasmi hatuna. Hili la mgeni rasmi lilileta ubishi sana mwanzoni, watu wakasema kikao bila mgeni rasmi kitaonekana cha kihuni, lakini ukishamwalika mheshimiwa inabidi umsubiri, inabidi itifaki izingatiwe, risala isomwe, na saa sita imefika hamjaongea kitu.

Ila kitu kinachofanya niamke Jumamosi ni kile kikao cha nidhamu cha kuigiza. Tunabadilishana nafasi. Mara ya mwisho katibu wa tawi mmoja, mtu mkali kweli na wengi wetu kashatutoa jasho, alipewa kuwa HR. Mimi nikawa mtunza stoo ninayetuhumiwa kuiba mifuko ya saruji. Yule mama mwenye lodge akawa mwenyekiti wa kikao. Katibu wetu akapewa na simu ya bosi wa kuigiza, anapigiwa kila baada ya dakika chache anaambiwa "huyo mtu kesho sitaki kumwona getini, wewe unafanya kazi gani hapo?" Basi mtu mzima akachanganyikiwa, kaandika barua ya tuhuma fasta fasta kanikabidhi mlangoni naingia kikaoni, ukumbi mzima ukaangua kicheko maana hicho ndo kitu anachotupigia kelele miaka yote.

"Mwenyekiti, barua ya tuhuma nimepewa sa hivi hapo mlangoni."

"Si umeipata lakini?"

"Nimeipata, ila mwakilishi wangu yuko Kibaigwa."

"Kibaigwa sio mbali mwanangu, mpigie simu aongee tukusikie. Haya, saruji umeiba hujaiba?"

Mzee wetu mmoja mstaafu hakuvumilia, akagonga meza. Shikamoo mama, akaanza, ingawa umri wanakaribiana, ni namna yake ya kumwambia mtu kwamba ameharibu. Akatoa zile Kanuni za Utendaji Bora, GN 42 ya 2007 (yaani Tangazo la Serikali namba 42), zimekunjika mpaka zimekuwa kama noti ya kwenye daladala, akasoma: mtuhumiwa apewe muda wa kutosha kujiandaa, usiopungua saa 48, aje na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama wa kumwakilisha, mwenyekiti awe mtu wa uongozi ambaye hakuhusika na tukio lenyewe. Na mwenyekiti hamuulizi mtuhumiwa umeiba hujaiba, mwajiri ndo aanze kueleza kesi yake, alete mashahidi wake, mfanyakazi awaulize maswali, ndo na yeye ajitetee. Na hata mkimkuta na kosa, kabla ya adhabu mpeni nafasi aseme la kujitetea kupunguziwa, ana miaka mingapi kazini, alishawahi kupewa onyo, nyumbani kukoje. Yule mama akauliza swali moja la maana sana, "sasa kama nimemuona kwa macho yangu anabeba mifuko?" Mzee akamwambia hapo ndo hufai kabisa kuwa mwenyekiti, wewe ni shahidi.

Nilimwangalia yule mama anavyoandika hiyo kwenye daftari lake. Hiyo sentensi moja ingemgharimu hela nyingi kuisikia kwa mwamuzi wa CMA.

Na katibu naye tulivyokaa kwenye chai akaniambia, dada, kumbe nyie mnabanwa hivi? Nikamwambia kaka, ile simu uliyopigiwa leo ni ya upole. Sikusema zaidi, na yeye hajaacha ukali, ila sa hivi kabla hajaandika barua anapiga simu kwanza. Juzi juzi kulikuwa na jambo la mhudumu mmoja aliyekuwa anadai overtime, siku za nyuma ingekuwa barua nakala kwa mkuu wa mkoa, safari hii tulikaa na daftari la mahudhurio tukahesabu pamoja yale masaa yaliyozidi 45 kwa wiki, tukapiga mara moja na nusu kama sheria inavyotaka, tukapata namba ambayo haikumfurahisha bosi wangu wala mwanachama wake, wote wakasaini.

Mada nyingine inayorudi kila mara ni siku 30. Mtu akiachishwa kazi na anaona kaonewa ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro CMA, kwa madai mengine ni siku 60, na watu bado wanazipoteza wakizunguka. Ataenda kwa mwenyekiti wa mtaa, ataenda kwa mbunge, atakaa akisubiri bosi apoe, akija kushtuka ni mwezi wa tatu na sasa inabidi aombe kusikilizwa nje ya muda, aeleze kila siku aliyochelewa. Na kufungua pale hakuna ada! Watu wa vyama wanasema waajiri wengine wanaujua huo mchezo, wanamwambia mtu "subiri tunalishughulikia" mpaka siku zipite. Siku hiyo ukumbi ulikuwa kimya kidogo, na sisi wa HR tukawa tunaangalia vikombe.

Kuna mambo tunapita haraka. Watumishi wa umma wakija na malalamiko yao tunawaelekeza tu, maana tangu mabadiliko ya 2016 kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma wao wanatakiwa wamalize kwanza ngazi zao, mamlaka ya nidhamu, rufaa Tume ya Utumishi wa Umma na kuendelea, sio kukimbilia CMA. Wanachukia kidogo ila ndo hivyo.

Kima cha chini ndo kiliwasha moto. Mei Mosi ya 2025 iliadhimishwa kitaifa pale Singida, jirani kabisa, Rais akatangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kupanda kutoka 370,000 mpaka 500,000 kuanzia Julai, asilimia 35.1, basi wafanyakazi wa binafsi wakarudi makazini wanatuangalia na macho ya "na sisi je". Ilipokuja amri ya mshahara ya sekta binafsi, wastani kutoka 275,060 kwenda 358,322 kuanzia Januari 2026, watu wa lodge na shule walikuja kikaoni wamejaa kweli kweli. Kila sekta ina kiwango chake sasa, kwa hiyo hiyo 358,322 sio kwamba kila mtu analipwa hiyo, na hapo ndo tulitumia muda mwingi, mwajiri mmoja ana lodge, ina baa, na nje kuna walinzi, je hao wote wanasoma mstari gani? Watu wa vyama wanavuta juu, wenye lodge wanavuta chini, wakili mmoja akawa anatabasamu peke yake. Mwenye shule akasema wazi kwamba atapunguza watu, na katibu akamjibu kupunguza watu nako kuna utaratibu, unatoa taarifa, unasema sababu, unashauriana na chama kilichopo, hupunguzi kwa hasira ya tangazo. Haikuisha vizuri ile. Yule mwenye shule amekosa vikao tangu hapo na mimi ningependa arudi, maana waajiri wenyewe ndo tunao wachache na bila wao tunabaki wasomi tunaokubaliana.

Wengine ambao hatunao kabisa ni wasichana wa kazi za ndani na mabosi wao, yaani sisi wenyewe. Niliwahi kuuliza ukumbini nani hapa dada yake wa nyumbani ana mkataba wa maandishi na likizo yake ya siku 28, mikono iliyoinuka sitaji idadi yake, yangu haikuwemo miongoni mwa ya kwanza. Mwenyekiti wa siku akasema hiyo mada iingizwe kwenye ratiba, mpaka leo iko kwenye ratiba.

Sasa hivi ubishi uliopo ni wa kusajili. Kuna kundi linataka katiba, akaunti ya benki, barua yenye nembo, vyeti vya ushiriki watu wakaweke kwenye CV. Shida ya kwanza ni ya kisheria, huwezi kwenda kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi na waajiri maana hatuko upande wowote, labda kwa Msajili wa Jumuiya kule Mambo ya Ndani. Shida ya pili ndo yangu mimi: ukishakuwa na akaunti utapata mfadhili, ukishapata mfadhili utakuwa na bajeti, na bajeti ya Dodoma ikianza tu itakuwa na mstari wa posho, na siku posho ikikosekana nani atakuja kumsikiliza mzee anasoma GN 42? Wenzangu wanasema mimi ni mwoga wa maendeleo. Inawezekana. Kura itapigwa kikao kijacho na nimeshaanza kuwapigia watu simu, wa vyama wengi wako upande wangu, cha ajabu HR wenzangu ndo wanataka nembo.

Mada ya siku hiyo ni mikataba ya muda maalum, hasa yule mfanyakazi ambaye mkataba wake umeongezwa na kuongezwa kila mwaka, kila mara kimya kimya, afu mwaka mmoja hauongezwi na yeye anasema alikuwa na matarajio ya kuongezewa. Kama una mkataba wa hivyo, futa majina uje nao. Na elfu tano ya chai, mweka hazina hakopeshi.