Mdomo wa Bobi, jamani

Leo naandika kuhusu mdomo wa mbwa, asiyetaka apite tu, ila kama una kitoto cha mbwa nyumbani kaa hapa kidogo. Huyu Bobi aliletwa kwa ajili ya ulinzi, maana huku kwetu Kimara bila mbwa uani usingizi ni wa mashaka, na mbwa wa ulinzi kwetu hana historia ya kuangaliwa mdomo. Anapewa ugali na dagaa, anafunguliwa usiku, asubuhi anarudi bandani, basi. Sasa huyu alikuja bado mdogo, watoto wakamfanya mdoli wao, akawa anaingia mpaka sebuleni, na ndo hapo tukaanza kuisikia ile harufu. Mbwa wa bandani akinuka nani atajua? Wa kwenye kochi akipiga mwayo tu watu wazima wanaangaliana, kila mtu anamshuku mwenzie.

Mwanzoni ilikuwa harufu ya damudamu hivi, na hiyo ilikuwa meno. Kitoto cha mbwa kina meno 28 ya utoto, membamba kama sindano, yanaanza kudondoka akifikisha kama miezi 4, na akikaribia miezi 7 anakuwa na 42 ya ukubwani. Kipindi hicho fizi zinavimba, zinatoa damu kidogo, chakula kinanasa humo, mdomo unanuka. Mengi anayameza tu na wewe huyaoni, mimi nililiona moja kwenye mkeka, binti yangu akalitaka akalirushe juu ya bati kama la kwake. Harufu ya hivyo inapita yenyewe. Cha kuchungulia ni kama jino la utoto limegoma kutoka na la ukubwani limeshaota ubavuni mwake, hasa yale machonge, maana katikati pale chakula kinaoza, na hapo ni daktari wa mifugo aling'oe, siyo wewe na koleo yako ya gereji.

Halafu ikaja harufu ya pili, na hii sitaizungusha: alikuwa anakula mavi. Yake, ya paka, na kuna siku alitoka jalalani na pampasi ya mtoto wa jirani akaja nayo mpaka mlangoni mkia unacheza, anasubiri apongezwe. Mimi nina kinyaa sana, nilikaa siku nzima sishiki chakula. Dada wa kazi akasema huyu ana laana, shemeji akasema mwagia pilipili, mwingine akaniambia nimsugue pua kwenye uchafu wake ndo atajifunza. Anajifunza nini sasa? Anajifunza kwamba mtu na mavi vikikutana yeye anapigwa, kwahiyo kesho anakwenda kujisaidia nyuma ya friji, au anayala haraka ushahidi upotee.

Daktari aliponieleza kidogo kinyaa kikapungua. Mama wa mbwa ndo anawalamba watoto wake na kula uchafu wao ili pale wanapolala pabaki safi, kwahiyo kitoto kimezaliwa kwenye hiyo hali, kwake siyo jambo la aibu hata kidogo, na wengi wanaacha wakikua. Anayeendelea, angalia njaa, angalia minyoo, angalia kama anafungiwa kutwa nzima hana cha kufanya. Minyoo ndo hasa, maana anaipata kwa mama yake tangu tumboni na kwenye maziwa, usiseme wangu hajawahi kutoka getini. Dawa inaanza akiwa na wiki 2, kila baada ya wiki 2 mpaka afikishe wiki 8, halafu kila mwezi mpaka miezi 6, na kipimo ni uzito wake, siyo ukubwa wa huruma yako. Ila dawa kubwa kuliko zote niliyoiona mimi ni koleo la takataka. Unaokota kabla hajageuka. Na faida yake siyo ya mbwa peke yake, yale mayai ya minyoo yakitoka hayaambukizi hapo hapo, yanataka kama wiki mbili au zaidi kwenye udongo, kwahiyo ukiokota kila siku hata watoto wanaochezea mchanga pale uani unakuwa umewaokoa, maana hiyo minyoo ikimwingia mtoto inaweza kwenda mpaka kwenye jicho.

Kwenye kulamba ndo tulikaribia kugombana na watu. Jirani yetu ni bibi Mwislamu, mtu mzima wa heshima zake, Bobi akapenya chini ya senyenge akaenda akanywa maji kwenye ndoo yake. Nimekimbia kule "shikamoo bibi, nisamehe", akaitikia marahaba, akaniambia mwanangu kwetu hii sasa ni kazi, ndoo inaoshwa mara saba na mara moja iwe na udongo. Hakugomba, ila mimi ndo niliona haya. Nikaiosha mwenyewe pale pale, yeye anahesabu, na jioni fundi akaja kuikaza ile senyenge. Nyumbani pia nikapiga marufuku ya kulambwa usoni, watoto wakaninunia, mwenye kununa anune, mimi najua ule mdomo umetoka wapi.

Sasa kusafisha. Msichukue dawa ya meno ya kwenu mkampaka, mbwa hajui kutema, anameza yote, mle kuna floraidi na nyingine zina zailitoli, ile sukari ya bandia, ambayo kwa mbwa inashusha sukari ya damu vibaya sana na inaharibu ini. Mimi nafunga kitambaa kilicholowa kwenye kidole nasugua meno kwa nje, taratibu, nikimaliza anapata kipande cha karoti. Ukiacha ule ukoga siku kadhaa unagandamana unakuwa mgumu na kitambaa hakiutoi tena. Mume wangu alinicheka mpaka akakaa chini, ati kesho utampeleka saluni. Zile spreya za manukato za mdomo sijanunua na sinunui, ni kupulizia marashi juu ya jalala. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo nimekataza kabisa ingawa kila mtu anaona namnyima haki yake, inavunjika vipande vyenye ncha vinamchoma kooni na tumboni.

Kung'ata ndo bado tunapambana. Ndala zote upande wa kushoto zimekwisha, sijui kwa nini kushoto. Namgandishia tambara lenye maji kwenye friza, anatafuna hilo, fizi zinapoa. Ila kwa watoto, wao wenyewe wanakimbia na kupiga kelele, yeye anaona mchezo umenoga. Na hawa wanaouzwa barabarani kwenye boksi wengi wameachishwa mama kabla ya wiki 8, hawajakaa na ndugu zao wakang'atana wakajua kipimo. Sasa akikuuma unaacha kucheza unaondoka, hakuna kelele hakuna kofi, ni kazi ya uvumilivu kwelikweli. Jino likitoboa ngozi lakini usilete mzaha ati ni katoto, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali, kichaa cha mbwa hakiangalii umri. Chanjo yake mpigishe akifikisha miezi 3.

Na kama anatapika, hataki kula, anaharisha damu yenye harufu kali, hiyo siyo stori ya mdomo tena, mbebe mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, inaweza kuwa pavo, ugonjwa wa virusi wa mbwa, na kwa vitoto unaua haraka.

Mdomo wa Bobi wiki hii unanuka dagaa tu, kwangu hiyo ni sawa. Mume wangu anasema meno yakikamilika mbwa anarudi bandani moja kwa moja, alikuja kulinda hakuja kuangalia tamthilia. Watoto hawajaambiwa. Mimi nimemjibu sawa baba, ila kitambaa kitamfuata huko huko bandani, na wa kumshikia taya ni wewe.