Taa za ABS na traksheni ziliwaka pamoja: nilivyotafuta ubovu kwenye gari langu la zamani

Dalili ilianza mguuni kabla haijafika kwenye dashibodi. Nikikaribia kusimama, mwendo umeshashuka hadi kama kilomita 10 kwa saa, barabara kavu kabisa, pedali ya breki inaanza kunipiga unyayo, krrr krrr, na gari linaserereka mbele kidogo kuliko nilivyokusudia. Hiyo ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasikwame unapofunga breki, inafanya kazi mahali ambapo haina kazi. Baadaye taa yake ikawaka, na ya traksheni, mfumo unaozuia magurudumu yasizunguke bure unapokanyaga mafuta, ikawaka hapohapo.

Fundi wa kwanza hakufungua kitu. Alisikiliza, akachungulia dashibodi, akasema, “Bosi, hapo pampu ya ABS imekufa. Tafuta nyingine.” Pampu na bloku yake ya valvu ndicho kifaa ghali kuliko vyote kwenye mfumo huo, kwa hiyo nilitaka kwanza nione ushahidi. Pampu iliyokufa ingenipigaje mguu kila ninaposimama? Ilikuwa nzima, tena mchapakazi. Kuna kitu kilikuwa kinaidanganya.

Kwenye magari mengi kila gurudumu lina ringi ya chuma yenye meno, na pembeni yake sensa. Kwenye magari ya umri wa langu sensa ni sumaku yenye koili tu: jino likipita, umeme kidogo unazalishwa, na kadiri gurudumu linavyokwenda kasi ndivyo mapigo yanavyoongezeka na nguvu yake inavyopanda. Kompyuta ya ABS inalinganisha magurudumu manne. Moja likionekana kupungua mwendo ghafla wakati mengine yanaendelea, inaamini limekwama, inaachia breki yake, inakamata tena, inaachia. Traksheni inasoma sensa zilezile, ila yenyewe inatafuta gurudumu linalozunguka kuliko wenzake. Ndiyo maana sensa moja ikipoteza uaminifu mifumo yote miwili hujizima, na taa mbili mara nyingi ni ugonjwa mmoja.

Breki za kawaida zinabaki. Lakini ikiwaka na ile taa nyekundu ya breki pamoja na ya ABS, usiendelee na safari. Huenda mafuta ya breki yamepungua, au mfumo wa kugawa nguvu ya breki mbele na nyuma umezimika, na hapo magurudumu ya nyuma yanaweza kukwama kwanza na gari likageuka.

Nilianza na vitu vya kijinga kwa sababu ndivyo vinavyopita haraka. Betri ilikuwa na volti 12.6 injini imezimwa na 14.1 ikiwa inaunguruma, kwa hiyo alteneta haikuwa na kesi. Fyuzi nzima. Mafuta ya breki yalikuwa kwenye mstari wake. Tairi zote saizi moja. Hili watu hulipuuza, lakini ukifunga tairi ya akiba iliyo ndogo, gurudumu hilo litazunguka haraka kuliko mengine na kompyuta italiona kama linateleza.

Kisha misimbo, yaani namba za ubovu ambazo kompyuta ya gari huhifadhi. Vingi vya vile vifaa vidogo vya kuchomeka chini ya usukani vinasoma injini tu, na kuna sababu. Kiwango cha OBD-II, yaani utaratibu wa gari kujichunguza lenyewe, kilicholazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, kililenga moshi. Watengenezaji walibanwa kufanana kwenye misimbo ya injini, lakini kwenye ABS kila mmoja aliachiwa njia yake. Unahitaji mashine inayoingia kwenye kompyuta ya ABS yenyewe. Baadhi ya magari ya zamani hayahitaji hata mashine: unaunganisha pini mbili kwa kipande cha waya, halafu unahesabu taa ya ABS inavyopepesa. Fanya hivyo ukiwa na kitabu cha gari hilohilo mkononi, maana ukigusa pini isiyo yake unaweza kuunguza kitu. Mimi niliazima mashine. Ikatoa C0040, sensa ya gurudumu la mbele kulia. Kulia hapa ni kulia kwa mtu aliyekaa ndani anatazama mbele. Nataja kwa sababu nimeona watu wakisimama mbele ya gari na kufungua gurudumu lisilohusika.

Wengi wakifika hapa wanakwenda kununua sensa. Msimbo haukusema sensa imekufa. Umesema taarifa za gurudumu hilo haziaminiki, na kati ya gurudumu na kompyuta kuna ringi, kuna nafasi kati ya meno na sensa, kuna sensa, kuna waya unaopindwa kila unapokata kona, kuna plagi, na kuna beringi ambayo ikilegea inaichezesha ringi.

Nikapandisha gari kwa jeki, nikaweka stendi, nikazuia magurudumu ya nyuma. Beringi haikuwa na mchezo. Plagi ya sensa niliichomoa: pini safi, hakuna ule uchafu wa kijani. Mita ya umeme ikasoma ukinzani wa omu 1,260 upande wa kulia na 1,240 kushoto. Sensa nyingi za aina hii huangukia kati ya omu 800 na 2,500, lakini kinachonipa amani zaidi ya namba yenyewe ni pande mbili kukaribiana. Nikaushika waya na kuukunja huku na huku nikiangalia mita, haikutikisika. Kati ya sensa na bodi ya chuma pia hapakuwa na mawasiliano. Nikaweka mita kwenye volti za AC na kuzungusha gurudumu kwa mkono, pande zote mbili zikapanda karibu sawa. Kwa vipimo hivyo gari lilikuwa zima kabisa.

Tahadhari kwa mwenye gari jipya kidogo: sensa zake pengine si za koili. Zina kielektroniki ndani, zinalishwa umeme na kompyuta, na kuzipima omu hakukuambii kitu, tena kunaweza kuziharibu.

Kilichonisaidia ni ukurasa wa mashine unaoonyesha mwendo wa kila gurudumu gari likitembea. Jamaa yangu alikaa pembeni na mashine, mimi nikaendesha polepole mahali pa wazi pasipo na magari. Kwenye kilomita 40 namba nne zilikwenda pamoja. Nikashuka taratibu. Kwenye 12 hivi akasema, “Kaka, hii ya kulia inaruka.” Tatu zinasoma 11, 11, 11, ya mbele kulia inadondoka hadi 7, inarudi 11, inadondoka tena. Nilipozidi kupunguza, midondoko ikawa inakuja kwa mpigo, kama mtu anayechechemea, mara moja kila gurudumu linapomaliza mzunguko.

Huo mpigo ndio uliosema kila kitu. Sensa iliyoinuliwa na kutu chini yake, ambayo ni ugonjwa wa kawaida sana, inadhoofisha taarifa kwa mzunguko mzima. Mwendo ukishuka namba inazimika moja kwa moja. Waya uliokatika ndani unakatakata bila mpangilio, hasa kwenye kona na mashimo. Kitu kinachorudi mara moja kila mzunguko kinazunguka na gurudumu, na pale kinachozunguka ni ringi.

Ringi ya gari langu imebanwa juu ya jointi ya nje ya shafti, inaonekana kwa shida nyuma ya habu. Kwa macho ilikuwa duara la kutu na matope tu. Nikaipiga brashi ya waya jino kwa jino, nikafuta kwa kitambaa, nikamulika tochi kwa pembeni huku nikigeuza shafti kidogo kidogo. Meno yalipita yote yakifanana, halafu bonde moja likaja pana kuliko mengine, na katikati ya bonde hilo mstari mweusi mwembamba kama unywele, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nikaingiza ncha ya bisibisi ndogo. Ukucha wa kutu ukadondoka. Kutu ilikuwa imekua chini ya ringi, ikaitanua kwa ndani hadi chuma kikapasuka. Bonde likipanuka, jino linalofuata linachelewa kufika kwenye sensa, na kompyuta inasoma ule ucheleweshaji kama gurudumu linalokwama. Mita ya umeme haikuweza kuliona hilo kwa sababu inatoa wastani, na jino moja lililochelewa linamezwa na mengine yote.

Kuibadilisha hakukuwa na maajabu, ila jasho. Shafti ilitoka, ringi ya zamani nikaimalizia kwa patasi pale pale ilipopasuka. Kazi yenyewe ni kusafisha kikalio: ukiacha kutu, ringi mpya itapasuka kama ya kwanza. Hesabu meno kabla ya kununua. Yangu ilikuwa na 48, na yenye idadi tofauti ingefanya gurudumu hilo lisome mwendo wa uongo siku zote. Ringi mpya niliipasha moto yenyewe, mbali na jointi ili raba na grisi visiungue, ikatanuka na kuingia kwa kugongwa kidogo kuizunguka pande zote. Nati ya shafti nilifunga mpya na kuikaza kwa spana ya kipimo kama kitabu kinavyoelekeza.

Nikafuta msimbo. Gari likasimama bila kunipiga mguu. Kwenye changarawe nilikanyaga breki kwa nguvu, ABS ikagonga pale ilipostahili. Kwenye magari mengi ya zamani taa hubaki hadi utembee kidogo ndipo kompyuta iamini sensa, kwa hiyo usikate tamaa ukiiona ikiwa bado inawaka gari likiwa limesimama.

Taa ya traksheni ikiwaka peke yake, taa ya ABS ikiwa imezimika, usikimbilie magurudumu. Mara nyingi injini ndiyo yenye msimbo, na kompyuta imezima traksheni kwa sababu haiwezi kupunguza nguvu ya injini kwa uhakika. Hapo hata kile kifaa kidogo kinatosha kuanzia.

Upande wa kushoto niliusafisha pia. Ringi haijapasuka, lakini kutu imeanza kuchungulia ukingoni mwake. Nyingine nimeshainunua, inasubiri siku shafti hiyo itakapotolewa kubadilishwa raba.