Doa Moja, Madoa Matatu

Likizo ya Desemba nikiwa kidato cha pili, binamu yangu wa kike, niliyemwita dada, aliyekuwa akisoma zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alinipa kazi ya kumhesabia vipepeo kwenye njia za Mlimani. Malipo: nauli ya daladala na chipsi mayai.

Asubuhi ya tatu nilishajiona bingwa. Daftari lilikuwa na mistari miwili tu. "Wa chungwa", 19. "Mweusi wa madoa meupe", 4. Huyo wa chungwa kila mtoto wa Dar anamjua hata kama hajui jina lake: ncha za mabawa ya mbele nyeusi, zimekatwa na ukanda mweupe, halafu anaruka kivivu kama mtu asiye na miadi. Haraka ya nini? Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe, sumu yake ikabaki mwilini mpaka anapoota mabawa. Ndege akishamwonja mmoja, harudii.

Dada alisoma daftari, akaniuliza, "Bawa la nyuma umelitazama?"

Nani hutazama bawa la nyuma?

Akanasa wawili kwa wavu, kila mmoja akamtia kwenye chupa yake ya jamu. Tukachuchumaa chini ya mwembe kusubiri wafungue mabawa. Wa kwanza alikuwa na madoa meusi matatu katikati ya bawa la nyuma. Jike huyo, dada akasema. Dume angekuwa na la nne. Wa pili alikuwa na doa moja tu, juu kabisa, karibu na ukingo wa mbele.

"Huyu hana sumu, mdogo wangu. Amevaa sare ya mwenzake."

Mwenye sumu ni Danaus chrysippus, mwigaji ni Hypolimnas misippus. Linnaeus, mwanasayansi Mswidi aliyeainisha viumbe, alishawapa majina mawili mwaka 1758 na 1764, mimi nikawarudisha kwenye moja.

"Na mweusi?" Nilitumaini walau mstari huo umepona.

Alicheka mpaka akakaa chini. Yule mweusi, mwenye madoa makubwa meupe yaliyozungushiwa zambarau inayometa kama oili juu ya dimbwi, ni dume la huyo wa doa moja. Mume na mke nimewatenganisha, majirani nimewaozesha.

Nilifuta mpaka ukurasa ukatoboka. Jioni chipsi nilipewa. Mayai, hapana.