Kichwa cha Nyumba na Mpaka wa Kihamba

Katika mafundisho ya ndoa kwenye sharika zetu hapa Moshi, sura inayonukuliwa kuliko zote ni ya tano ya Waraka kwa Waefeso, na mara nyingi usomaji huanzia mstari wa 22, unaowaambia wake wawatii waume zao. Mstari wa 21, unaowataka waumini wote wanyenyekeane, huachwa kana kwamba ni wa barua nyingine, na ule wa 25, unaomdai mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa akajitoa kwa ajili yake, husomwa haraka haraka huku bwana harusi mtarajiwa akitazama saa. Sina ugomvi na fundisho kwamba mume ni kichwa. Ugomvi wangu ni na sisi wanaume tunaolipenda fundisho hilo kanisani lakini hatutaki lipimwe pale ambapo Wachagga tunapima karibu kila kitu, yaani kwenye kihamba.

Kwa msomaji asiye wa huku, kihamba ni shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, ambamo pia wazee wetu wamezikwa. Kwa desturi hurithiwa na watoto wa kiume, na kitinda mimba wa kiume ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Nilikulia kwenye kihamba cha namna hiyo, Machame. Mama ndiye aliyechuma kahawa, akaimenya kwa mashine ya mkono, akaiosha na kuianika kwenye vichanja, akishinda anaigeuza na kuchambua mbovu. Baba ndiye aliyekuwa mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika kilichonunua kahawa, kwa hiyo fedha zilitoka kwa jina lake. Za mama zilikuwa ndizi na maziwa, na hizo ndizo zilizonunua madaftari yetu.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na mtu mwema, na majirani walimsifu kwamba hakuwahi kumpiga mkewe. Sifa hiyo hunikera hadi leo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sasa tangu lini kutovunja sheria kukawa taji la mwanamume Mkristo? Vivyo hivyo siwaelewi wanaume wanaopika chai siku moja kwa mwaka, wakajipiga picha na birika, wakatuma kwenye kundi la familia.

Mtume Petro, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anawataka waume wawape wake zao heshima kwa kuwa ni warithi pamoja wa neema ya uzima, na anaongeza onyo kwamba asiyefanya hivyo sala zake zitazuiliwa. Tunakubali kwa urahisi kwamba mke ni mrithi mwenzetu mbinguni, kwa kuwa huko hakuna mipaka ya masale, mimea tunayopanda mpakani, ya kuhamisha. Zaidi ya hayo, kanisa letu, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), limekuwa ikiwabariki wanawake kuwa wachungaji tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwanamume anapokea Chakula cha Bwana kutoka mkononi mwa mwanamke saa nne asubuhi, na saa nane mchana yuko kwenye kikao cha ukoo akisema kwamba wanawake hawahusiki na mambo mazito.

Kikao chetu kuhusu kihamba cha marehemu baba kilifanyika wakati wa Krismasi, watu wote walipokuwa wamepanda kutoka mijini. Dada zangu, ambao walibeba sehemu kubwa ya gharama za matibabu ya baba, walikuwa jikoni wakimenya ndizi za mtori. Baba mdogo alifungua kwa sala ndefu, kisha akasema tugawane kwa kuwa wanaume wote tumefika.

“Baba mdogo,” nikamwambia, “kabla hatujaendelea, naomba dada zetu waitwe.”

“Mwanangu, hao wameshaolewa. Wana kwao.”

Hoja yake haikuwa ya chuki. Alihofia kwamba ardhi ya ukoo ingehamia ukoo mwingine kwa njia ya ndoa, na hofu hiyo imo katika Biblia yenyewe. Katika Hesabu 27, binti watano wa Selofehadi wanadai urithi wa baba yao aliyekufa bila mtoto wa kiume, na Mungu anasema wamenena haki. Katika sura ya 36, wazee wa ukoo wanakuja na malalamiko yale yale ya baba mdogo. Musa anakiri kwamba yana uzito, anaweka sharti kuhusu kabila watakaloolewa, lakini hawanyang'anyi ardhi. Ni kweli kwamba hao hawakuwa na kaka. Lakini Ayubu alikuwa na wana saba, na bado aliwapa binti zake urithi kati ya kaka zao.

Sheria ya nchi nayo imekwisha kusema. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke umiliki au matumizi halali ya ardhi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu.

Dada waliitwa. Mkubwa alipewa kipande cha upande wa mfereji, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mdogo alikataa, akisema hataki kuonekana anagombana na kaka zake, na sidhani kwamba kukataa kwa namna hiyo ni hiari; kipande chake hatujakigawa. Mwisho baba mdogo aliuliza: dada akiachika, akafia mjini, atazikwa wapi? Mimi naona mwenye kipande azikwe kwenye kipande chake. Kaka zangu wawili hawajakubali, na tumepanga kulijadili Desemba, safari hii dada wakiwa wamekaa nasi tangu mwanzo.