Hiyo si betri tu?

Ofisi imehamia ghorofa ya juu, shangazi kamwoza binti yake, na kichwani mwangu bado inazunguka sauti ya mhasibu mkuu pale kikaoni, nilipotaja kusasisha UPS, kile kifaa kinachozishikia seva umeme ukikatika: "Kijana wangu, hiyo si betri tu? Betri nayo inataka kusasishwa?" Meza nzima ikacheka. Nikajibu, "Ndiyo, mama," basi.

Jibu lenyewe limenijia baadaye, bafuni, kwenye foleni, kila mahali ambapo halina faida. UPS ya raki ni kompyuta yenye betri. Ndani yake mna femwea mbili, yaani programu za ndani zinazokiendesha kifaa: ya kadi ya mtandao, na ya UPS yenyewe, ile inayoongoza uchajishaji na inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe wa kutumiwa na seva. Machi 2022 watafiti wa Armis, kampuni ya usalama wa vifaa, walitangaza mianya mitatu ya usalama kwenye Smart-UPS za kampuni ya APC, wakaiita TLStorm. Miwili ilikuwa kwenye mawasiliano ya kifaa na wingu. Wa tatu ulitokana na femwea kutothibitishwa saini ipasavyo, hivyo mvamizi angeweza kupakia ya kwake. Mwezi huohuo CISA, wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, ikawahimiza watu waziondoe UPS zao kwenye intaneti na wabadilishe majina na nywila za kiwandani. Ndiyo, mama. Inasasishwa.

Kadi ndiyo kazi nyepesi. Ikijiwasha upya, umeme unaokwenda kwenye seva hauguswi. Kwa kadi za APC ambazo femwea yake ni mafaili matatu, mpangilio wa kuyapakia ni bootmon, kisha aos, app mwisho. Ukituma kwa FTP, ile njia ya kuhamisha mafaili, andika kwanza amri ya bin, la sivyo faili litafika limeharibika. Na kabla ya yote vuta nakala ya config.ini, faili la mipangilio ya kadi. Kinachowaumiza watu ni ule ukimya wa kadi inapojiwasha. NUT, programu ya kufuatilia UPS, ikipoteza mawasiliano na UPS ambayo mara ya mwisho ilikuwa kwenye betri, husubiri muda wa DEADTIME, kwa kawaida sekunde 15, kisha huihesabu imekufa, na seva zinazoitegemea zinaanza kujizima. Kwa hiyo hakikisha ups.status kwenye NUT inasoma OL, yaani UPS iko kwenye umeme wa kawaida, hakuna jaribio la betri linaloendelea, ndipo usimamishe upsmon, ile sehemu ya NUT inayozima seva. Andika mahali kwamba umeisimamisha, maana saa nane usiku hakuna anayekumbuka kuirudisha.

Femwea ya UPS yenyewe ni habari nyingine. Modeli nyingi zinadai umeme wa kutoka uzimwe kwanza. Baadhi ya mpya zinakubali kusasishwa zikiwa na mzigo. Soma maelezo ya toleo la modeli yako, si ya ndugu yake anayefanana naye sura.

Nikiwa narudia kikao kile kwa mara ya sijui ngapi, kikanijia kipande ambacho kicheko kilikifunika. Mama hakuwa amemaliza. Alikuwa anakusanya karatasi zake, akasema kwa sauti ya chini: "Na ikigoma katikati, nani ataushika umeme?"

Jamani. Hilo ndilo swali lenyewe, na kuna mafundi wa miaka mingi wasioliuliza.

Femwea ikikatika njiani, UPS inaweza kukataa kutoa umeme mpaka ipakiwe upya, au isiamke kabisa. Kwa hiyo mzigo uwe umeshahama. Seva zenye pawa saplai mbili zichomekwe moja UPS A, nyingine UPS B, halafu jumlisha: kama UPS zina ukubwa sawa, A inasoma mzigo wa 38% na B 41%, B peke yake itabeba kama 79%. Mimi ikipita 80% napunguza mzigo kwanza. Kwenye kila seva endesha amri ya ipmitool sdr type "Power Supply" uone zote mbili ni nzima, kwa sababu pawa saplai iliyokufa zamani haimsumbui mtu hadi siku mwenzake anapozimwa. Kisha fuata waya wa kila swichi kwa mkono. Swichi yenye plagi moja ndiyo husahaulika. Seva zote zinabaki hai na hakuna anayezifikia.

Kama Smart-UPS ni ya zamani na unapitia waya wa siriali badala ya mtandao, tumia kebo yake mwenyewe. Pini zake hazikupangwa kawaida, na kebo ya siriali ya dukani inaweza kuizima papo hapo, na kila kilichochomekwa humo.

Tuseme umeanza na A. Ikiamka, linganisha na ulichoandika kabla: volti za kuhamia kwenye betri, usikivu kwa mabadiliko ya umeme, dakika za onyo la betri kuisha, tarehe ya betri. Baadhi ya mipangilio hurudi ya kiwandani kimyakimya. Soma ups.firmware uone namba imebadilika kweli, fanya jaribio la betri ya A wakati B bado imebeba mzigo, washa upsmon, ndipo urudishe mzigo. B isubiri usiku mwingine, hata muda ukibaki. Toleo likiwa na kasoro, heri ikuumbue kwenye moja.

Nimemtumia mama mpango mzima jioni hii, sehemu ya kurudi nyuma ikiwa ukurasa wa kwanza. Kajibu: "Sawa. Jenereta ina mafuta?" Nimecheka peke yangu, nikaiongeza.

Mdogo wangu naye anasema anaacha chuo, na tangu mchana simu hapokei.